Nilisema Mume Wangu Ana Ungo

Kosa ni langu, na mdomo uliolifanya ni huu huu wangu. Naandika nikiwa na hasira, kwanza na mimi mwenyewe, halafu na mume wangu, maana naye si malaika!

Mume wangu ni fundi wa mageti hapa Songea. Mikono anayo, kichwa ndicho tatizo. Anapenda kupiga picha treni. Jamani, Songea na treni wapi na wapi? Hapa hata kipande cha reli hatuna! Kwa hiyo anapanda basi mpaka Makambako, anakaa kwenye majani na kamera yake, anasubiri treni la mizigo. Wenzake wanasubiri treni wapande. Wangu anasubiri lipite!

Binti yetu Editha aliota jino la kwanza baba yuko huko. Nikampigia.

"Mama Editha, kata kwanza, nasikia kama linakuja."

Lilikuja kesho yake!

Mwaka jana alikwenda mpaka Tabora kupiga picha kichwa cha treni la mvuke, kimekufa zamani, kutu tupu. Picha hiyo ameitundika sebuleni. Ya mtoto hakuna.

Treni zikikosekana anahamia angani. Miezi ya baridi, anga likiwa safi, anakesha uani. Alichukua mbao mbili na bawaba, akafunga mashine ya saa ya ukutani, ili kamera igeuke polepole kufuata nyota. Kitu kinagonga tik, tik, tik. Tochi ameivisha nailoni nyekundu, eti mwanga mweupe unaharibu macho. Anajifunika shuka langu jeusi, anachuchumaa, ananong'ona akihesabu sekunde. Anatafuta galaksi, yaani nyota zilizokusanyika mbali kuliko akili zake.

Mtaani kwetu Mshangano hatuna ukuta, uzio wetu ni michongoma tu. Majirani wakaona.

Jumamosi moja tuko kwenye sala ya jumuiya, akina mama wakaniuliza, "Mama Editha, baba yenu uani na taa nyekundu, kulikoni?"

Ningejibu "anapiga picha nyota", yangeisha. Lakini jino la mtoto lilikuwa bado linaniuma mimi!

"Anapaa," nikasema. "Ungo ameutengeneza mwenyewe. Hamsikii unavyogonga? Ndiyo injini."

Walicheka mpaka sala ya kufunga ikasahaulika. Nikanogewa! Kila wiki wananiuliza, "Juzi alitua wapi?" Nami naongeza chumvi.

Halafu kideri kikapita mtaani. Kuku wa Mama Kizito wakafa wote. Wangu wakapona, maana nilikuwa nimewapa chanjo. Kicheko kikakatika.

Mama Kizito ndiye alikuwa awe mama wa ubatizo wa Editha. Siku tatu kabla ya ubatizo akaja mlangoni, hakuingia.

"Mdogo wangu, tafuta mwingine. Mimi nina watoto wadogo."

Nikamkimbilia mwenyekiti wa jumuiya anitafutie mama mwingine. Hakuna aliyekubali. Barua ya kupeleka kanisani naye akagoma kuandika "mpaka mambo yakae sawa". Yeye ndiye aliyemweleza mume wangu maneno yanayosemwa.

Mume akarudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda.

"Nani aliwaambia habari za ungo?"

Nikainama, nikajifanya namfunga Editha nepi.

"Wewe?" Akanitazama. "Mimi nilidhani ni adui."

Bora angenitukana!

Jumamosi iliyofuata akabeba ule mtambo mchana kweupe, akauweka mezani mbele ya jumuiya, akaeleza mpaka jasho likamtoka. Akatoa picha ya galaksi. Doa jeupe, kama uji uliomwagika. Mama Kizito akaishika kwa ncha za vidole.

"Huku ni mbali, umesema?"

"Mbali sana, mama."

"Sasa umeipigaje kama hukufika?"

Yule mtu na maelezo yake yote, alikuwa amewaletea ushahidi kwa mkono wake!

Nikasimama. Nikasema ungo ni mimi, injini ni mimi, nilikuwa natania, nilikuwa na hasira. Nikalia.

Mama mmoja akanipigapiga begani. "Pole, dada. Mke mwema lazima amtetee mumewe."

Uongo wangu waliumeza bila maji. Ukweli wangu wameutema!

Sasa mume wangu nyota ameziacha. Uani giza, tik tik hakuna. Makambako bado anakwenda, na hata nikimkasirikia sina pa kusemea.

Wenzangu, mume akikuudhi mseme humo humo ndani. Mwite mzembe, mwite mpuuzi wa mabehewa, atavimba, kisha atanywea. Usimpeleke mtaani achekwe, maana siku kicheko kikiisha hawatamrudisha kama ulivyompeleka.

Gauni jeupe la ubatizo bado linaning'inia msumarini. Jana nilimjaribishia Editha. Halipiti mabegani.