Damu ya Kula na Damu ya Kunywa

Wakati wa Mdachi, mwaka ule mvua ilipotukimbia na askari wakaja kukomba uwele wetu, mama alijifungua mdogo wangu wa mwisho. Maziwa hayakutoka. Mtoto alilia hadi sauti ikawa kama ya paka, kisha akanyamaza, na hapo ndipo tulipoogopa kweli.

Bibi, mama yake baba, alisema dume la ng'ombe litobolewe mshipa wa shingo, mzazi anyweshwe damu apate nguvu. Kwetu Ugogo haikuwa ajabu. Lakini baba alikuwa mwalimu wa dini, na Kitabu kimekataza watu wasile damu. Baba hakuruka hata nukta. Kuna mstari ulimfanya aache kukata ndevu, zikamwasha mwaka mzima, hayo tuyaache.

"Jumapili mnapokezana kikombe mkisema ni damu," bibi akamwambia. "Ya mtu mnakunywa, ya ng'ombe mnaona kinyaa?"

"Mama, usikufuru."

"Nimekufuru nini? Nauliza tu."

"Kitabu hakijipingi. Ni sisi tunaosoma vibaya."

Akaketi mlangoni, kidole juu ya maandishi, midomo ikicheza. Mimi nilitazama kifua cha mtoto, kama bado kinapanda. Mara baba akainuka.

"Kule wamekatazwa kula. Kwenye kikombe wameambiwa wanywe. Basi kunywa ruhusa, kula ndiyo dhambi!"

"Haya, msomi," bibi akasema, "shika kamba."

Mshale ukapigwa, damu ikakingwa kwenye kibuyu, nikapewa kijiti. Damu ikipoa huganda, si mnajua.

"Ikiganda imekuwa chakula," baba akanionya. "Koroga!"

Nilikoroga hadi mkono ukafa ganzi. Niliamini kabisa kwamba donge moja likipita kooni, mama ataungua milele, na mtoto tutamzika.

Mama akanywa, akapumzika, akanywa tena. Chini likabaki donge, kama kidole gumba. Akalitazama, akamtazama baba.

"Mwalimu, na hili?"

Baba akafungua Kitabu, akakifunga. Mtoto akakoroma kidogo.

"Macho yangu yameingia ukungu," baba akasema, na jua lilikuwa utosini. "Ngoja nikaone lile dume kama limeacha kutoka damu."

Akatoka. Mama akaingiza kidole kibuyuni.