Petroli Nyuma ya Jiko la Mama Mkwe

Tangu jana sijakaa nikatulia. Mimi, mwalimu wa kemia hapa Lurambi, nimejivua nguo mbele ya wakwe.

Nilikuwa nimewatembelea kwao Ekero. Nyuma ya jikoni nikaona mawe yenye kitu cheusi ndani ya nyufa, kinang'aa kama kioo. Nikakichoma, kikalainika na kufuka moshi. Lami ngumu! Nikamweleza baba mkwe kwamba petroli ikipikwa miaka na mikaka na joto la ardhini, huacha masalia meusi mwambani. Nikamkataza kupanda miwa, na mvua inakaribia. Wiki nzima nilihangaika, mara nipime mawe, mara nikimbilie posta kumpigia simu mtaalamu wa miamba. Mama mkwe akinijia nachepukia migombani, maana kwetu mkwe hasemezani na mama mkwe ana kwa ana.

Jana mtaalamu alifika, akatumbukiza kipande kwenye maji moto. Kikayeyuka chote.

"Mwalimu, lami haiyeyuki kwa maji," akasema.

Sauti ikatoka jikoni: "Mwambieni mwalimu nimemtafuta wiki yote, lakini akiniona anakimbianga. Hiyo ni sukari nguru yangu ya miwa. Iliungua, nikaimwaga hapo."