Papa aliyenifundisha kufunga tiyo alinitupia kosa lake

Ndugu zangu wa ukurasa huu, jina langu libaki kwa mwenye ukurasa tu, maana hapa Kalemie nikitaja hata mtaa ninaokaa mtanijua. Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na nane, nina mke na mtoto mmoja. Kazi yangu ni kufunga tiyo, yaani mabomba, hasa yale ya kuzima moto, yanayopita juu ya dari na kumwaga maji yenyewe chumba kikiwaka. Huku kwetu ni wachache wanaoijua kazi hiyo. Mimi nilifundishwa na mtu mmoja, na ni yeye aliyeniumiza.

Nitamwita Papa Dunia, si jina lake. Vita vilipotukimbiza kutoka Nyunzu nilifika hapa peke yangu. Alinikuta sokoni nabeba magunia ya watu, akanipeleka kwake, na mke wake akanipa sahani na kitanda pamoja na watoto wao. Katika nyumba ile sikuitwa mgeni hata siku moja. Mtoto wangu nilimpa jina lake.

Kazini alikuwa mkali. Alinifundisha kwamba tiyo tupu unaweza kuibeba begani, lakini ikijaa maji ni uzito mwingine kabisa, na maji yakisukumwa kwa nguvu inatikisika na kutaka kuruka. Kwa hiyo lazima ining'inie kwa fimbo za chuma zilizoingia ndani ya betoni, yaani zege, kwa kipimo, na mwisho wa kila laini uwe na kishikio chake. Ukifunga kwenye vyuma vyepesi vya dari, anakuambia ufungue uanze upya. Siku moja aliniteremsha kwenye ngazi mbele ya wenzangu wote kwa sababu ya kishikio kimoja tu.

Mwaka huu tulipata kazi kwenye hoteli mpya karibu na ziwa. Yeye kiongozi, mimi msaidizi, na juu yetu patron, yaani bosi. Tukiwa bado ghorofa ya chini, hata nusu yake hatujafika, nikapata habari kwamba shangazi yangu amefariki Nyunzu. Nikaenda kuzika, nikakaa siku tisa. Niliporudi nilikuta dari ya chini yote imeshafunikwa, na tiyo za ghorofa ya juu nazo zimeshafungwa.

"Papa, mulimaliza namna gani haraka vile?"

"Nilimaliza mwenyewe, mutoto wangu. Tia sahihi hapa, patron anangojea karatasi."

Karatasi ilisema mimi ndiye niliyefunga na kukagua. Sikuomba ngazi, sikufungua hata kipande kimoja cha dari. Nilitia sahihi nikiwa nimesimama, karatasi juu ya mkono. Hapo kosa ni langu, siwafichi.

Siku ya kujaribu maji, saa tatu asubuhi, Mama Furaha, mama anayesafisha sakafu, alikuwa kwenye korido na ndoo yake. Pampu ikaanza. Tukasikia dari inalia, kisha tiyo ikashuka na kila kitu na kumpiga begani. Akapiga kelele, "Yesu wangu!" Tulipoinua ile tiyo, huku maji yanatumwagikia, niliona kilichokuwa kimeishikilia. Waya. Waya mwembamba uliofungwa kwenye vyuma vya dari. Palipotakiwa fimbo tatu, palikuwa na moja.

Mchana huohuo tukaitwa biro, ofisini kwa patron. Akauliza nani alifunga pale. Nikamgeukia Papa Dunia, nikimwachia nafasi ya kusema. Akasema.

"Ni huyu njo alifunga, patron. Sahihi ni yake. Nilimwamini kama mutoto wangu, kumbe alitaka kumaliza haraka aende matanga."

Yaani alichukua hata kifo cha shangazi yangu akanipigia nacho. Kabla sijafungua kinywa, patron alikuwa ameshaamua. Nikafukuzwa kazi palepale. Nje nikamfuata, nikamwuliza kwa nini. Hakuniangalia.

"Nilikuwa na shantie ingine, nyumba ingine inajengwa. Vishikio havikutosha, nikavigawa. Weye ungali kijana, utapata kazi. Mimi wakinifukuza sasa, nani atanichukua?"

Kesho yake nilirudi, nikamwomba mlinzi aniruhusu, nikapanda ghorofa ya juu ambako dari haijafunikwa. Waya tena, vyumba vyote. Nilisukuma tiyo kwa mkono mmoja ikayumba. Nikamwita patron. Alikuja na hasira, lakini alipanda ngazi mwenyewe, akaona, akashuka. Kazi ikasimamishwa, enjenieri akaletwa kutoka Lubumbashi, na sasa wanafunga yote upya. Hakuna atakayelala chini ya hatari ile, namshukuru Mungu.

Lakini enjenieri anataka niandike nani alitoa amri ya kutumia waya. Nikiandika, mambo yatafika polisi. Mke wa Papa Dunia amekuja kwangu, ameketi, amelia. "Alikosea, mwanangu, najua. Lakini mimi nilikulea. Sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba." Mke wangu naye anasema, "Usipoandika, watu watasema mutoto wetu ni wa ule baba aliyeangushia mama wa watu tiyo."

Juzi nilikwenda hospitali kumwona Mama Furaha. Mkono umefungwa kifuani, hawezi hata kujifunga kitambaa kichwani. Akaniuliza polepole, "Wanasema ni wewe. Ni kweli?"

Nilishindwa kumtaja yule mtu. Nikajibu, "Nisamehe, Mama." Akageuzia uso ukutani, na dada yake akaniambia nitoke.

Enjenieri anarudi Ijumaa. Ndugu zangu, mnaonisoma leo, hasa ninyi mliolelewa na watu wasiowazaa: niandike jina la huyu baba, ama nilibebe hili maisha yangu yote? Niambieni, sijui la kufanya.