Taulo Mkononi mwa Mtani

Dau letu tuliliweka buchani, Isevya, shoka likiwa hewani. Mtani wangu, Mzaramo aliyezeekea Tabora akiuza nyama, alikuwa anapasua goti la ng'ombe juu ya gogo, na kila aliposhusha shoka vipande vya mfupa viliruka hadi kwenye shati langu.

"Ndugu yako, Jumapili ulingoni, nampa raundi ya tisa," alisema. Pwaa! "Hapo atalala kama huyu."

"Kaka yangu? Raundi ya sita mwenzake anatolewa kwa machela. Mkanda unakuja Isevya."

"Nyie Wanyamwezi mnajua kubeba tu. Kupiga mlijifunzia wapi?"

Nikacheka. Mtani hakasirikiwi. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka huku hadi pwani, wakafika kwa babu zake wamechoka taabani, wakatukanana, wakapikiana, na tangu hapo ndivyo tunavyoishi. Siku ya msiba yeye ndiye anayeingia kati ya waliao na kufanya vituko, na hata akilala ndani ya kaburi kudai ada yake ya utani, huna la kumfanya.

Basi tukakubaliana. Nikishindwa mimi, nimbebee gunia la mkaa kichwani, kwa miguu, kutoka Kigwa, mwendo wa siku nzima, hadi buchani, kama babu yangu. Akishindwa yeye, achinje beberu wake na kuupikia mtaa mzima, amejifunga kanga ya mkewe.

Kaka ni mtoto wa baba mkubwa, lakini tumelala kitanda kimoja tangu utoto, hayo ya binamu siyajui. Pambano lake la kabla ya hili lilikuwa kijijini Choma, siku ya mnada wa ng'ombe. Alishinda, ila jicho la kushoto lilipigwa hadi daktari akamwambia wazi: likipigwa hivyo tena, usitegemee kuona nalo. Baba mkubwa, mchukuzi wa zamani wa stesheni aliyemfundisha ngumi mwenyewe uani kwa gunia la mchanga, alisikia kila neno.

"Jicho la pili lipo," alisema. "Mkanda mmoja tu, halafu tunaacha."

Na mimi, sina shule kubwa lakini ndoto ninazo, nilikuwa nimeshapigilia msumari ukutani wa kuutundikia mkanda.

Jumapili alasiri ukumbi ulifurika. Mimi na mtani tulikaa mbele, karibu na kona yetu, na baba mkubwa alisimama pale, taulo begani. Kengele ikalia.

Raundi za mwanzo kaka alipiga vizuri mno. Konde lake la kulia lilitua kwenye mbavu za mpinzani wake, kijana wa Mwanza, nikasikia kama mtu anapiga godoro kwa rungu. Nikasimama juu ya kiti. "Andaa kanga, mtani!"

"Kaa chini, punda! Ng'ombe hapimwi asubuhi, mnada bado."

Kijana wa Mwanza hakuwa na haraka. Alikuwa ameliona lile jicho. Akaanza kulitafuta, ngumi moja, tena moja, mahali palepale, kama fundi anayegonga msumari mmoja. Ngozi ikachanika. Damu ikamwagika kifuani, ikaingia mdomoni, kaka akawa anaitema na kuendelea. Raundi yangu ya sita ikafika, na anayepiga hakuwa kaka. Alipigwa konde la kidevu kutoka chini, kichwa kikaruka nyuma, kizuia meno kikadondoka mbele yangu kina uzi mwekundu. Watu walikuwa wanashangilia. Mtu nyuma yangu alipiga kelele, "Mmalize huyo!" nikageuka nimtazame, alikuwa anakula karanga.

Katika ya saba nikagundua mtani amenyamaza. Huyu hata msibani hanyamazi.

Aliinuka akaenda kwenye kona.

"Mzee, rusha taulo, pambano liishe."

"Kaa chini," baba mkubwa akasema bila kumtazama. "Raundi yako si ya tisa? Una haraka gani?"

Kaka alikuwa kwenye kamba, mikono imeshuka, na kila konde lilimgeuza uso upande mwingine kama mlango usio na komeo.

"Rusha, mzee!"

Baba mkubwa akaling'ang'ania taulo kwa mikono miwili. Mtani akalikamata kwa mkono ule wa kupasulia mifupa, akalichomoa, akalitupa. Likatua miguuni pa mwamuzi. Mwamuzi akapunga mikono. Kwisha.

Baba mkubwa aligeuka na ngumi iko juu. Nilimjua, angemuua mtu. Mtani akamsogezea uso.

"Piga! Kumzika mwanao ni kazi yangu mimi, na leo sijisikii kuchimba. Piga basi!"

Ile ngumi ikapigwa kwenye nguzo ya ulingo, vidole viwili vikavunjika.

Nikapanda kumshika kaka. Bado alikuwa anarusha makonde, hamwoni mtu.

"Nani kazima taa?" akauliza.

"Zinawaka, kaka," nikamwambia, na hapo nikalia mbele ya ukumbi wote, wala sikujificha.

Hospitalini alilala siku kadhaa amegeukia ukuta, macho kayafumba. Mtani akaja na supu ya makongoro.

"Fumbua, uone sura ya mwizi wa mkanda wako."

Kope la kushoto likajivuta, jekundu kama nyanya, linatoka machozi.

"Mbaya vilevile," kaka akasema.

Dau lilikufa, hakuna aliyetabiri ya saba. Lakini mtani haambiwi asante, atakucheka mpaka ufe. Kwa hiyo nikapanda treni hadi Kigwa, nikanunua gunia la mkaa, nikajitwisha kichwani kabla hakujapambazuka. Shingo iliwaka. Jasho jeusi lilinichuruzika hadi tumboni, na jioni ndipo nilipoingia Isevya.

Mbali, kwenye benchi la bucha, nilimwona kaka amekaa kati ya mtani na baba mkubwa mwenye bandeji. Aliinuka. Akaliziba jicho la kulia kwa kiganja.

"Anakuja!" akapiga kelele. "Nimemwona kwa hili la kushoto!"

"Mwambie akaze mwendo," mtani akajibu. "Babu yake hakuwa mvivu hivyo."