Kwa Nini Kompyuta ya Bi Rukia Ilizima Kila Alhamisi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya visigino na buibui jipya, maana nilidhani kufanya kazi na kompyuta ni kukaa kitini na kubonyeza. Mkuu wa Karakana alinitazama juu mpaka chini, akanipa brashi ya kupakia rangi, akanionesha rundo la mashine mbovu pembeni, akasema, "Haya bibie, anza kufuta vumbi." Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye dari ya boriti, nyuma ya ofisi za serikali kule Vuga, mjini Unguja. Mafundi wote walikuwa wanaume, na wote walitokea kwenye ufundi wa redio. Mimi nilitokea darasani tu, na visigino vyangu.

Alipoifungua mashine ya kwanza mbele yangu, wallahi niliduwaa. Nilitaraji kuona nyaya na taa. Nikaona mji mzima: vijumba vyeusi, vichochoro vya shaba, vimepangwa kwa adabu ambayo mji wetu huu haujawahi kuijua. "Hii ndiyo mazabodi," akanambia Mkuu, "bodi kubwa inayobeba vitu vyote. Na hii hapa chini ya feni ni prosesa. Ndiyo inayofikiri."

"Kitu kidogo hivi, mfano wa biskuti, ndicho kinachofikiri?"

"Kwani ubongo wako wewe una ukubwa gani?"

Karakana nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao. Mpaka leo nikifungua mashine, nikishasema Bismillahi husema Subhanallah. Mafundi wa sasa wananicheka. Waacheni wacheke, wao wameyaona haya tangu utotoni na mtu hastaajabii alichozaliwa nacho.

Mkuu yule alikuwa mkali, hana mzaha na kazi, na alikuwa na jambo moja ambalo alilirudia mpaka tukalichoka. "Mashine inayozimikazimika," akisema, "usiitibu kwa kusimuliwa. Kaa nayo mpaka izime mbele yako." Basi tukikaa. Wenzetu wa ofisi nyengine wakipita wakituona tumekodolea macho mashine inayofanya kazi vizuri, wakisema serikali inalisha wavivu. Sisi tunangojea tu.

Maana nyinyi vijana mkiona skrini nyeusi, neno lenu moja tu: imekufa. Haijafa! Kuzima kuna namna zake. Ikizima papo hapo kama mtu aliyevuta waya, itazame pawa saplai, lile boksi linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Ikiwaka halafu skrini isioneshe kitu, toa ramu, yaani kijibao cha kumbukumbu za muda, ukisugue miguu yake kwa kifutio cha skuli. Na ikifanya kazi vizuri, ikanoga, halafu ghafla giza, na ukiiacha kidogo ikawaka tena, hiyo ina joto. Prosesa ikiona inataka kuungua hujizima yenyewe. Hilo lilinishangaza kuliko yote siku nilipofundishwa. Kitu kisicho roho kinajionea huruma!

Baadaye nilipelekwa Mkokotoni, kwenye ofisi ya wilaya. Bwana Afisa wa kule alinipokea mlangoni na uso wa msiba. Kompyuta ya mhasibu ilikuwa ikizima kila mara, na yeye alishaamini kuna mkono wa mtu.

"Bi Fundi, hiki kiti changu kina watu wengi wanaokitaka."

"Kiti au kompyuta, Bwana Afisa?"

"Vyote."

Nikakaa nayo kama nilivyofunzwa. Ilipozima nikaifungua, na ndani ya pawa saplai nikakuta mayai ya mjusi, mazuri, meupe, yamepangwa penye joto pake, na mama mtu amekauka juu ya nyaya. Nilimwita Bwana Afisa aje amwone huyo anayekitaka kiti chake. Hakucheka. Aliniuliza kama mjusi anaweza kutumwa.

Kutoka huko nikapelekwa skuli moja ya Matemwe. Kule adui ni chumvi. Upepo wa bahari huingia madirishani na kula shaba polepole, mpaka miguu ya ramu inageuka kijani. Mwalimu Mkuu, mtu mwema sana, alizifunika kompyuta zake kwa mifuko ya plastiki mchana na zikiwa zinawaka, zikamwivia humo kama mihogo. Nilipomwambia akashika kichwa. "Nlikuwa nnazihurumia," akasema. Basi nami nikajua kuwa mashine nyingi hapa kwetu hufa kwa kupendwa.

Nikastaafu. Mume wangu akanambia sasa nitapumzika, na kweli nilipumzika, mpaka nikaanza kumgombeza yeye kwa namna anavyokunja mkeka. Ndipo akaanza mwenyewe kunitafutia kazi msikitini. Akitoka kusali anarudi na habari: fulani ana leptopu haisikilizani na printa, fulani kompyuta yake inapiga kelele. Moja katika habari hizo ilikuwa ya Bi Rukia.

Bi Rukia anakaa Shangani, ghorofa ya pili, mjane, na ana mtoto mmoja tu, Maryam, aliyempata utu uzima wakati watu wameshakata tamaa. Maryam ameolewa Maskati. Alijifungua mtoto wa kiume, na kuja Unguja hawezi mpaka mwakani kwa shughuli za mumewe na mtoto mchanga. Kwa hiyo alimletea mama yake kompyuta ya mezani yenye skrini kubwa, wakawa wanaonana kila Alhamisi baada ya alasiri. Nilipanda ngazi zile kwa kupumua mara tatu.

"Shikamoo Bi Rukia."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Wewe ndiye fundi? Nlitegemea mwanamme."

"Wanaume wamechoka kupanda ngazi zako."

Akacheka, akanipa kahawa. Akanambia mambo yake: kompyuta inawaka vizuri, Maryam anatokea, wanaamkiana, wanaulizana hali, mara tu Maryam anapokwenda kumtwaa mtoto kitandani na kumleta, giza. Kila Alhamisi. Hajawahi kumwona mjukuu wake uso. Nikamuuliza kwa nini asimtazame kwenye simu, akanimiminia kahawa nyengine.

Siku ile ilikuwa Jumatatu. Nikaiwasha, ikafanya kazi mchana kutwa, haikukohoa. Nikapima umeme, nikaukuta mdogo, maana Mji Mkongwe nyaya zake na sisi wazee ni hirimu moja. Nikamwekea stabilaiza, kile kiboksi cha kutuliza umeme, nikaondoka nimeridhika. Alhamisi ikazima vile vile.

Niliporudi sikumkuta na uchangamfu wake. Alifunga mlango, akakaa karibu yangu sana, akanishika mkono.

"Nataka unambie kweli, na usinionee haya. Ni kompyuta inayozima, au ni mimi?"

Sikumfahamu.

"Nina presha ya macho. Daktari kanambia nilichelewa. Jicho hili la kushoto nshalizika, na hili jengine linafunga kidogo kidogo, pembeni nshakuwa sioni. Simu siwezi, picha yake ndogo. Sasa skrini ikiwa nyeusi, na sauti ya mtandao nayo hukatikakatika, mimi sijui. Pengine Maryam yupo pale pale amempakata mtoto, ananionesha, na mimi ndiye niliyekwisha."

"Maryam anajua?"

"Asijue! Ataacha nyumba yake aje kukaa na kipofu. Nataka nimwone mtoto uso, mara moja tu nimwone vizuri, halafu Mwenyezi Mungu achukue amana yake."

Loo! Mimi si mtu wa kulia, lakini nilijifanya natafuta bisibisi kwenye mkoba. Nikamwambia kompyuta ndiyo inayozima, nina hakika. Moyoni sikuwa na hakika ya kitu. Nilijua tu kwamba macho yale hayana muda wa kungojea nibahatishe kifaa hiki na kile, na kwamba Alhamisi ijayo lazima niwepo, nikae, nione.

Nikaja Alhamisi kabla ya alasiri. Bi Rukia alikuwa ameshakoga, amevaa gauni la Idi na mtandio wa dhahabu, mikono ina hina. Nikakaa pembeni nikamtazama anavyoandaa ukumbi. Alifunga madirisha yote. Akaifunika kompyuta kwa kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake, chenye maua, akakinyoosha mpaka kikaburura chini, akaacha skrini tu iko wazi. Halafu akaenda jikoni akarudi na chetezo kimejaa makaa mekundu, akatia udi, ule wa kweli kutoka Maskati, akakiweka chini ya meza, ubavuni mwa mashine, moshi ukapanda ndani ya kitambaa.

"Bi Rukia," nikasema polepole, "unafanya nini?"

Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Nna mgeni, mwanangu. Mjukuu wangu anaingia nyumbani kwangu mara ya mwanzo. Nimpokee nyumba inanuka vumbi?"

Sikumzuia. Hapo nilishaanza kufahamu, lakini nilitaka nione. Maryam akatokea, wakaamkiana, akasema anakwenda kumchukua mtoto. Nikasikia feni ndani ya mashine inahema, inahema, inakaza. Kisha giza. Bi Rukia alikuwa ameshanyoosha mikono kuelekea kwenye skrini, akaishusha mapajani taratibu.

"Imezima," nikampigia kelele. "Imezima Bi Rukia! Nimeiona kwa macho yangu haya mawili mazima, imezima yenyewe! Si wewe!"

Nikamwambia na sababu, kuwa ni joto, na yeye akaniitikia naam, naam, mkono kifuani. Nikaiacha ipoe, nikaifungua pale pale juu ya mkeka, naye akakaa kuniangalia. Ndani kulikuwa kumenukia, nyinyi, hamjapata kufungua mashine inayonukia vile. Mafuta ya udi yamegandamana na vumbi juu ya feni na juu ya bati la kupozea prosesa, yamefanya ngozi nyeusi inayonata, hewa haipiti. Alhamisi zote zile. Siku za kawaida ilijikaza, lakini ikibanwa na kitambaa, na makaa ubavuni, na kazi nzito ya kuleta sura za watu kutoka Maskati, ilishindwa, ikajizima isiungue. Niliipangusa kwa spiriti na kitambaa, nikaiondoa feni nikaisugua ubawa mmoja mmoja, nikapaka dawa mpya nyeupe inayoondoa joto kwenye prosesa. Na kila nilipofuta, ule moshi wa mapenzi ukawa unanijia puani. Nilisema Subhanallah, na safari hii si kwa ajili ya ile mashine.

Kisha nikamwambia lazima aache udi. Uso ukamwanguka.

"Yaani aje ukumbini mkavu hivi?"

"Fukiza asubuhi, madirisha wazi, chetezo kikae mlangoni. Na kitambaa uvae wewe."

"Una ulimi, wewe."

Watu huniuliza, sasa kwa kuwa nimekaa nyumbani, kazi hii ilinipa nini. Mimi huwajibu kuwa ilinipa mgongo mbovu. Lakini nikiwa peke yangu nasema ilinipa kuingia ndani ya nyumba za watu na kuona wanavyokaa na kitu wasichokielewa. Hukistahi. Hukifukizia udi. Nimefanya kazi na wataalamu wakubwa wanaojua kila waya na hawastaajabii chochote, na ninawaheshimu, lakini nawaonea huruma. Sura ya mtu inavunjwa vipande huko Maskati, inapita baharini, inaungwa tena juu ya meza Shangani, na inatoka na tabasamu lake. Mimi nimezifungua mashine hizi umri wangu wote na bado sijazoea.

Alhamisi iliyofuata Bi Rukia alitaka niwepo, akaniambia ni kwa ajili ya kompyuta. Madirisha yalikuwa wazi, kelele za watoto zinapanda kutoka njiani. Ilipounganishwa, Maryam akatokea, wakaamkiana. Akaenda kumchukua mtoto. Mimi nikaegemeza sikio kwenye feni, inakwenda laini. Maryam akarudi, akakaa, akamleta mtoto mpaka uso wake ukajaa skrini nzima, macho yamemtoka, mate yanamchuruzika.

Bi Rukia hakusema mashallah, hakupiga kigelegele. Alisogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo, akageuza kichwa ili lile jicho lake moja limpate mtoto sawasawa. Akamtazama. Kisha akafumba macho, midomo inacheza bila ya sauti, akafumbua, akatazama tena, akafumba. Vile vile tulivyokuwa tukifanya chuoni tulipokuwa watoto, maalimu anapotaka sura nzima kwa moyo bila ya kuangalia msahafu.

"Mama," akasema Maryam, "mbona unafumba macho? Una usingizi?"

"Sina usingizi, mwanangu. Hebu mgeuze tena kidogo. Sikio limenipotea."

Maryam akacheka, akamgeuza mtoto.