Wachawi wa Nasambu

Mimi si mtu wa hadithi. Hadithi haijazi sufuria. Lakini Nasambu, msusi ambaye kibanda chake kinapakana na duka langu la mitumba hapa Kitale, aliniteka masikio. Mikono ikisuka, mdomo ulitusimulia riwaya aliyokuwa akiiandika kwenye simu, ya wachawi wawili. Si wale wa kuroga watu, la! Nangila akiimba, mahindi yalichipuka. Makokha naye aliukunja ukungu wa Mlima Elgon kama shuka kila alfajiri, apate tu kumwona Nangila akichota maji. Wateja walisahau hata kichwa kinauma.

Makokha huyo tulimjua. Alikuwa Wabwile, kijana anayeleta rasta na mafuta ya nywele kutoka Bungoma. Akishashusha mzigo, alikaa kwenye benchi akisikiliza, macho yamelegea. Nasambu alimpenda, jamani, alimpenda hadi nikaona wivu. Alishaniambia kwamba Desemba Wabwile angekuja kwao na wazee kumposa.

Jumamosi moja wachawi wakaahidiana ndoa juu ya wingu. Mama Viola, kichwa kimesukwa nusu, akageuka.

"Ngoja kwanza. Mama zao ni wa ukoo gani?"

"Ai, mama! Wachawi wana ukoo?" Nasambu akacheka.

"Si walizaliwa? Wabukusu gani wanaoana bila kuulizana? Mama wakiwa ukoo mmoja, hao ni ndugu."

Wabwile akacheka pia. "Makokha mfanye kama mimi, bana. Mama yangu ni wa Babuya."

Mikono ya Nasambu ikasimama.

"Hata wangu," akasema polepole.

Kwa mila yetu, mambo yaliishia hapo. Ati miezi yote hiyo ya kutazamana hawakuulizana! Nilitamani kuwachapa wote wawili. Nikabwata: "Nasambu, si ni hadithi yako? Mpe Makokha mama mwingine!"

Akampa. Alisuka huku akisimulia, sauti chini, jinsi wachawi walivyooana, ukungu ukawa shela, mahindi yakarefuka kupita paa la kanisa. Mama Viola akapiga vigelegele huku machozi yakimtoka. Sijahudhuria arusi tamu kama ile.

Wabwile akaokota begi lake tupu. Mlangoni akasimama kidogo.

"Haya basi, dada," akasema.

"Safari njema, kaka," Nasambu akamjibu, akaendelea kusuka.