Nilisema Hewa Inakwenda

Nimekosa, jamaa zangu, na wa kumsingizia sina.

Mimi ni daktari wa dharura hapa Pemba. Mwaka ule wa uchaguzi, wenzetu wakibishana vyama, sisi tulibishana nani atabeba kikombe. Yalikuwa mashindano ya kumuokoa mgonjwa bandia: sanamu ya plastiki kitandani, saa inakwenda, majaji wamekodoa macho. Oksijeni yenyewe haikuwapo. Ukitamka tu "Hewa inakwenda!" unapewa alama. Na mdomo wangu mwepesi, wallahi! Timu yangu ikashinda.

Dk. Maryam, tuliyemshinda, alinionya. "Wewe! Fungua mtungi wa oksijeni kwanza, ndo useme. Mazoea yana taabu."

Nikamcheka. Nikamwambia ana kijicho.

Msimu wa karafuu ukaingia. Asubuhi moja akaletwa Kombo, mchumaji wa Mtambile, kaanguka mkarafuuni. Anatweta, midomo imepiga buluu. Nikamvisha barakoa, nikapaza sauti kama siku ya kikombe: "Hewa inakwenda!" Wauguzi wakasikia, wakashika kazi nyingine. Mimi nikauinamia mguu uliovunjika.

Lo! Mtungi hakuufungua mtu.

Kombo akazidi kulegea, nami nahangaika na dripu, jasho lanitoka, sijui nakosea wapi! Maryam ndiye aliyeingia, akatupia jicho mtungini, akaufungua. Akanigeuzia mgongo, akamshika Kombo mkono. Afadhali angenitukana.

Mguu ulipona. Akili haikurudi. Leo Kombo anamwita mkewe shangazi. Watu wote wakaulaumu mkarafuu, na mimi, mwanaharamu mkubwa, nikawaacha waulaumu.

"Kamwambie mkewe," Maryam akawa ananiambia kila tukionana. Usingizi ukanipaa. Mwisho nikenda.

Bi Salma, mkewe Kombo, alinipokea kwa furaha, akanitilia chai, mumewe kalala pembeni. Kabla sijafungua mdomo akasema: "Dakitari, siku ile nlikuwa nyuma ya pazia. Nlipokusikia wasema hewa inakwenda, roho yangu ikatua. Mungu akulipe."

Yarabi! Nikamwambia yote.

Hakulia. Akamfunika mumewe shuka, akaichukua ile chai mbele yangu, akenda kuimwaga uani. "Ondoka kwangu."

Vijana mnaoshindania vikombe, shindaneni, mazoezi yanaokoa watu. Lakini mkono utangulie, mdomo ufuate. Mimi mpaka leo nikisikia mtu anasema hewa inakwenda, naona chai ile inamwagwa.